Miezi Minne

Jumatatu, 3 Juni
Asubuhi baridi, ukungu mwembamba juu ya mabati, upepo hakuna. Kufika saa nne jua lilikuwa limeshautafuna ukungu wote. Msimu wa anga safi umeanza, na daftari hili jipya naanza nalo.

Nimeamua kuandika kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Kwenye karatasi za Mwalimu naandika saa, upepo na mawingu tu. Mengine nitayaweka humu. Mwalimu ni mstaafu wa mtaa wa nyuma, alisomesha fizikia miaka thelathini, na ndiye aliyetuambukiza ugonjwa huu wa darubini. Tuko nyumba tatu. Kila nyumba ina darubini yake ndogo uani. Usiku ukiwa safi tunachora sayari tuliyoiona ndani ya duara lililochapwa kwenye karatasi, na mwisho wa mwezi Mwalimu anakusanya karatasi zote na kuzilinganisha.

Kwetu mchoraji ni mume wangu, mimi karani wake. Ananiita Mkaguzi kwa sababu ya kazi yangu ya kiwandani: chupa zinapita mbele ya taa nyeupe, mimi natoa zenye ufa. Mimi namwita Dereva kwa sababu ndivyo alivyo. Anaendesha basi la shule, watoto thelathini na wawili, asubuhi na alasiri.

Saa mbili kasoro usiku Mshtarii ilipanda juu ya tangi la maji la jirani. Dereva amechora mikanda miwili, miezi minne. Anga tulivu.

Jumanne, 4 Juni
Mawingu. Tumecheza karata, nimemfunga mara tano. Amelalamikia taa.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi kavu, anga ya bluu tangu alfajiri. Mchana vumbi la kiwandani, macho yananiwasha.

Leo nimeona jambo nisilolielewa, naliandika kama lilivyo.

Saa mbili na robo usiku Dereva alikaa kwenye kigoda chake, jicho kwenye kilenzi, dakika ishirini bila neno. Zamani alikuwa hanyamazi. "Mkaguzi, njoo, upesi, hewa imetulia!" Ningeacha sufuria jikoni nikimbie. Siku hizi anakaa kimya kama mtu anayesikiliza habari za msiba redioni. Alipomaliza akaingia ndani kuchora mezani, chini ya taa kubwa. Zamani alichora palepale uani, na tochi aliyoifunga kitambaa chekundu. Anasema mezani mstari hautetemeki.

Alipoingia, mimi nikachungulia. Miezi mitatu kushoto kwa Mshtarii, mmoja kulia peke yake. Nikaingia nikaangalia mchoro wake: mmoja kushoto, mitatu kulia.

"Umechora kwa kutazama?" nikamwuliza.

"Ulitaka nichore kwa kunusa?"

Tukacheka. Nikarudi nje nikachungulia tena. Mitatu kushoto.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi umande mwingi. Nimelifumbua fumbo la jana na sasa natamani ningeliacha.

Kila mwanzo wa mwezi Mwalimu hutugawia karatasi ya makisio inayoonyesha miezi ya Mshtarii itakuwa wapi kila usiku, ili tusiichanganye na nyota. Imechapwa kama mambo yalivyo angani. Darubini yetu lakini inapindua: cha kulia inakileta kushoto, cha juu inakishusha chini. Ndiyo maana michoro yote ya nyumba hii iko kichwa chini miguu juu, na wageni wakiishika wanaigeuza. Mchoro wa jana umesimama wima. Unalingana na karatasi ya makisio nukta kwa nukta.

Mtu anayetazama hawezi kukosea hivyo. Anayenakili ndiye anayekosea hivyo, akisahau kuigeuza karatasi.

Dereva alipokwenda kuoga nikashusha mafaili kabatini. Mpaka Februari michoro ina madoa ya vidole, imefutwa na kuchorwa upya, pembeni kaandika "hewa inatetemeka", "mbu", "sina hakika". Tangu Machi ni safi yote. Hakuna palipofutwa. Kazini, chupa isiyo na hata alama ya kidole naigeuza mara mbili, maana kuna mtu ameifuta.

Kama hatazami, anakaa nje kufanya nini?

Jumapili, 9 Juni
Asubuhi tulivu, joto kidogo.

Jioni nilikuwa naosha vyombo. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko na simu, akidhani maji yanapiga kelele kuliko yanavyopiga. Nimeandika maneno yake nikiwa bado nayakumbuka.

"Kesho ukae palepale mbele, karibu yangu. Usihame." Kimya. "Bila wewe sifiki popote, unajua mwenyewe." Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Hapana, hajui. Na asijue kabisa. Yule akijua kitu hamalizi."

Alipoingia nikamwuliza ni nani.

"Matroni. Habari za basi."

Matroni ndiye anayekaa na watoto ndani ya basi, anawapokea mlangoni na kuwashusha. Mrefu, sauti kama kengele ya shule, kicheko chake unakisikia kabla basi halijakata kona. Nimemwona mara tatu. Mara zote tatu alikuwa amepaka rangi kucha.

Jumatatu, 10 Juni
Anga safi sana. Sikutoka nje. Amechora, safari hii karatasi ameigeuza sawasawa.

Alhamisi, 13 Juni
Asubuhi upepo wa vumbi, jua limefifia.

Dereva amerudi na kioo cha pembeni cha basi kwenye mfuko wa plastiki, vipande vipande. Kioo cha kulia.

"Nguzo ya geti la shule imenifuata."

"Nguzo ina miguu?"

"Ile ina. Waulize walimu."

Alisimulia vizuri, na mikono yote miwili, mpaka jirani wa ukutani akacheka kutoka upande wake. Mimi pia nilicheka. Lakini ile nguzo ipo pale tangu aanze kazi, miaka tisa. Dereva anayeigonga leo alikuwa akiangalia kitu kingine. Au mtu mwingine, aliyekaa palepale mbele, karibu yake.

Jumamosi, 15 Juni
Asubuhi safi. Mwalimu alipita kuchukua karatasi za nusu mwezi. Akazifunua moja moja, akafika tarehe sita, akasimama.

"Darubini yenu imenyooka siku hizi," alisema. "Hongereni. Yangu bado inapindua."

Dereva akajibu, "Ulinunua mbovu, Mwalimu." Mwalimu akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Chai hakuimaliza.

Kwa hiyo Mwalimu naye anajua kitu. Mtaa mzima unajua, mimi nabaki kuandika upepo na mawingu.

Jumanne, 18 Juni
Asubuhi mawingu mepesi, yakaondoka. Siku ya kufua.

Kwenye mfuko wa shati lake la kazi nimekuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Herufi kubwa za kalamu nene, mstari chini ya mstari:

H
V N
Z D C
R K S O

Chini yake, kwa mwandiko wa kike wa duara duara: "Kariri mpaka Alhamisi tarehe 4. Ukikwama nitakohoa."

Nimeisoma mara kumi. Nimejaribu kuzifanya majina, majina ya nyumba za wageni, namba za vyumba. Nimenakili kila herufi humu, na nakala nyingine kwenye kipande cha karatasi, kisha nikairudisha mfukoni, nikamwambia shati hilo bado si chafu, avae tena. Akanishukuru. Ndiyo kwanza nimwone akishukuru kuvaa shati chafu.

Jumatano, 19 Juni
Mawingu. Sikulala vizuri.

Ijumaa, 21 Juni
Shule zimefungwa leo. Basi linalala mpaka Jumatatu tarehe nane Julai. Dereva amerudi amechoka kuliko siku zote, akaenda kitandani kabla ya chakula. Mshtarii ilikuwa peupe kabisa na hakuiulizia.

Jumamosi, 22 Juni
Asubuhi baridi kali, anga bila doa. Mchana wote anga bila doa. Nilikuwa nimeshaamua tangu alfajiri.

Saa mbili kasoro usiku nikamwambia, "Leo kaa, nitaitoa darubini mimi." Nikaisimamisha mahali pake, nikaielekeza kwa Mshtarii kwa macho tu, nikakaza skrubu. Kifuniko cha mdomo wa bomba sikukitoa. Ni kifuniko cheusi cha plastiki. Ukichungulia kikiwa pale unaona giza kama la ndani ya buti.

Dereva akaja, akapapasa kigoda kwa mguu, akakaa, akaweka jicho. Nami nikasimama nyuma yake na ubao wa kuandikia, kalamu mkononi. Dakika mbili. Tano. Akasogeza bomba kidogo kulia, kidogo kushoto. Mbwa wa jirani akabweka, akanyamaza.

"Vipi?" nikauliza.

"Safi sana leo." Hakuinua kichwa. "Mikanda miwili. Miezi minne, miwili huku, miwili huku."

"Na lile doa jekundu la Mshtarii?"

"Linaanza kuingia."

Nikaandika. Akainuka, akanigusa shavu kwa kidole kama kawaida yake, akaingia ndani kuchora.

Nikakitoa kifuniko na kuchungulia. Mikanda miwili. Miezi minne, miwili huku, miwili huku. Sijawahi kusikia uongo ulio sahihi kiasi hicho.

Mume wangu amekaa mbele ya plastiki nyeusi na kunieleza mbingu. Kama anaweza hilo, basi mangapi mengine amenieleza miaka hii kumi na saba, kwa sauti hiyohiyo tulivu, nami nikaandika?

Jumapili, 23 Juni
Nimepika, nimefua, nimemtazama akila. Amepiga bilauri kwa kiwiko ikavunjika. Amesema niliisogeza. Sikuisogeza.

Jumanne, 25 Juni
Asubuhi mawingu, jua saa tano.

Leo ilikuwa zamu yetu ya kupimwa macho kiwandani, kila miezi sita, bila hivyo hukai mbele ya taa. Kwenye ubao wetu kuna herufi E peke yake, zimegeukia huku na huku, na wewe unaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Nikafaulu. Nikiwa bado nimeziba jicho moja kwa kadi nikamwuliza nesi wa kiwanda kwa nini ni E tu.

"Kwa sababu wengine hapa hawakusoma. Hospitali wanatumia herufi zote."

Sijui nini kilinisukuma. Nikatoa kile kipande changu mfukoni nikampa.

Akakisoma, akacheka. "Huu si ndio ubao wa hospitali wanakopima macho ya madereva wa leseni? Umeutoa wapi?" Kisha akaacha kucheka. "Mama, nani anakariri hizi?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anayeziona hana haja ya kuzikariri."

Nilibaki na kadi jichoni. Taa aliyoilalamikia kwenye karata. Taa kubwa ya mezani. Kioo cha kulia, nguzo ya kulia, bilauri iliyokuwa kulia. Mguu unaopapasa kigoda. Nimemtazama kila siku kwa wiki tatu, nikatafuta ufa wa aina moja tu.

Wiki tatu nimemshuku mume wangu kuwa ana mwanamke. Leo natamani angekuwa naye.

Jumatano, 26 Juni
Asubuhi safi, upepo mdogo. Baada ya zamu nilikwenda kwa Matroni. Nilikuta anapiga pasi sketi za sare, mlango wazi.

"Karibu, wifi."

"Mimi si wifi yako."

"Haya, karibu usiye wifi yangu. Viatu vua, nimepiga deki."

Nikaweka karatasi juu ya sketi. "Mwandiko wa nani huu, ule wa chini?"

Akaangalia. Nilikuwa nimenakili mpaka duara za mwandiko wake. "Wangu. Ila mimi naandika vizuri zaidi."

"Utakohoa wapi?"

Akaisimamisha pasi. "Chumba cha kupimia macho. Mlango wao huwa wazi. Akikosea herufi nakohoa, anarudia."

"Kwa hiyo humtaki mume wangu."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Wifi, ningekuwa natafuta mume wa mtu, si ningetafuta anayeweza kuona nimevaa nini?"

Nami kicheko kikanitoka, sikukitaka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miezi minne."

Kwa nukta moja nilidhani anataja ya Mshtarii.

Akanieleza akiwa amekaa juu ya kapu la nguo. Anakaa kiti cha mbele, kazi yake ni kusema: pikipiki kulia, punguza kuna tuta, bado mtoto mmoja mlangoni, haya twende. "Mbele kabisa anaona, tena vizuri. Pembeni ndiyo hamna. Kulia hamna kabisa."

"Na wewe ukaona ni sawa."

"Sikuona ni sawa. Ni kama kaka yangu yule, wifi, kazi hii aliniombea yeye nikiwa sina hata pa kukaa. Nikamchongee kwa Mkuu wa shule?" Akashika kucha zake, akazibandua rangi kidogo kidogo. "Ijumaa ile ya kufunga shule ndiyo imeninyima usingizi."

"Ijumaa ilikuwa nini?"

"Mtoto wa darasa la kwanza alishuka, chupa yake ya maji ikamponyoka ikabingirika upande wa kulia. Akaifuata. Gari lilishaanza kuondoka. Nikapiga kelele, simama! Kaka akafunga breki. Niliruka chini nikamvuta kwa mkoba. Tairi lilikuwa hapa." Akaweka pasi ukingoni mwa meza. "Na mtoto hapa." Akaweka kiganja. Kati yake ungeweza kupitisha vidole vinne. "Kaka akaniuliza kulikuwa na nini. Nikamwambia mbwa."

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe.

Alhamisi, 27 Juni
Sikumwambia. Naye hakusema.

Ijumaa, 28 Juni
Anga safi. Amechora. Nimeandika saa na upepo, kama mwizi anayemwandikia mwizi.

Jumapili, 30 Juni
Asubuhi baridi, umande, kisha jua kali. Usiku safi kuliko usiku wote wa mwezi huu.

Saa moja na nusu usiku alikuwa ameshakaa uani. Nikatoka bila ubao.

"Usichore leo," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Tarehe ishirini na mbili sikukitoa kifuniko."

Mkono wake ukabaki juu ya bomba. "Kifuniko gani?"

"Cha mdomo. Ukaniambia miezi minne, na doa linaingia."

Akapapasa mdomo wa bomba kwa kidole. "Ulinitega."

"Nilikutega."

"Miaka kumi na saba, mke wangu ananitega kama panya."

"Nilidhani una mwanamke."

"Mimi?" Akajishika fulana yake yenye tundu kwapani. "Na fulana hii?"

Sikucheka. Naye akaona kwamba sikucheka, au akasikia, sijui siku hizi anaona lipi na anasikia lipi. Nikamwambia nimeshaongea na Matroni, nimeshajua za herufi. Nikamwuliza anaona nini akichungulia.

"Giza," alisema. "Nikikuta giza nadhani sayari imetoka nje ya kilenzi, nasogeza, naitafuta, giza. Mara moja moja inapita. Kama mtu mwenye taa anakatiza mlangoni. Nakaa nikiingoja ile."

Kumbe ndiyo zile dakika ishirini za kimya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeandika. Nawe ukishaandika kitu, ndiyo kimeshakuwa."

Nikahamia kwenye habari za basi. Hapo akawa mtu mwingine, akasimama. Mbele anaona, alisema, barabara anaijua kama kiganja chake, atamaliza mwaka huu halafu ataacha mwenyewe, hatafukuzwa kama mlevi. Mimi ninajua nini kuhusu magari, mimi wa chupa.

"Asubuhi ya tarehe nane nitasimama barabarani."

"Simama. Nitakuona, na nitakupigia honi mpaka mtaa utoke."

"Na nikisimama pembeni?"

Akageuza uso upande wa kulia.

Ndipo nikamwambia habari ya Ijumaa. Nilitaka kuisema polepole, ikatoka yote kwa mkupuo: chupa, mkoba, tairi, vidole vinne. Alikaa tena kwenye kigoda, akakikosa kidogo, akakishika.

"Mbwa," alisema. "Aliniambia mbwa."

"Si mbwa."

"Darasa la kwanza. Yupi?"

"Sikuuliza."

"Kuna mmoja anaimba akishuka. Kila siku anaimba akishuka. Ni huyo?"

"Sijui, mume wangu. Sikuuliza."

"Ijumaa ile nilingoja kumsikia akiimba," alisema, "nikadhani nimempitisha kituo." Akajifuta uso kwa fulana. Kisha akanyoosha mkono hewani upande wangu. "Simu. Nitafutie namba ya Mkuu."

Nikapiga, nikampa. Alisimama wima kama wanavyosimama mbele ya Mkuu.

"Mkuu, samahani kwa usiku. Tarehe nane utafute dereva mwingine." Akasikiliza. "Hapana, siumwi. Sijapata kazi kwingine. Sioni, Mkuu." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Hapana. Hakuna aliyejua. Mimi peke yangu."

Mkuu aliuliza na mengine, akajibu ndiyo na hapana. Alipokata, nikaangalia kwenye simu kama kweli namba niliyopiga ndiyo ya Mkuu. Nimeona aibu, lakini niliangalia.

Darubini tumeisahau nje. Nimeifuata saa saba usiku ikiwa imelowa umande.

Jumatatu, 1 Julai
Mawingu. Ufunguo wa basi ameupeleka shuleni. Anasema ameupeleka.

Jumanne, 2 Julai
Nimepita shuleni kabla ya zamu. Ufunguo umepelekwa.

Alhamisi, 4 Julai
Asubuhi safi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya herufi, ya kupimwa macho ya leseni. Nimeomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha tumbo.

Saa tatu asubuhi akavaa shati jeupe. Nikasimama mlangoni.

"Naenda kunyoa, Mkaguzi."

"Nami natoka."

Nikamfuata mpaka kwa kinyozi, nikakaa kwenye benchi kati ya wanaume nikisoma gazeti la mwezi uliopita. Kinyozi akamwuliza, "Huyu mlinzi umemwajiri lini?"

"Amejiajiri," alisema Dereva. "Na hana siku ya mapumziko."

Alinyolewa vizuri. Njiani kurudi nilitembea upande wake wa kulia. Hakunikataza, hakunishika.

Jumatatu, 8 Julai
Asubuhi ukungu. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kuhakikisha yupo kitandani. Yupo, macho wazi, anatazama dari.

Saa kumi na mbili na nusu basi lilipita mtaani. Tulilisikia kuanzia kona ya juu.

"Anakaba klachi," alisema. "Haimalizi mwezi hiyo." Likasimama kituoni. Tukasikia mlango, sauti ya Matroni, watoto. Akainua kichwa kutoka kwenye mto, akakishikilia hivyo mpaka mlango ukafungwa na basi likaondoka. Sikumwuliza alikuwa anamsikiliza nani. Nilichelewa kazini.

Jumatano, 10 Julai
Asubuhi kavu. Hospitali, foleni mpaka saa saba mchana.

Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto linaweza kushikiliwa hapo lilipo kwa dawa ya matone, asubuhi na usiku, maisha yote, asiruke hata siku moja. "Angekuja mwezi wa tatu," daktari alisema, akaishia hapo.

Nyumbani nikamsomea maandishi ya kwenye kichupa. Akanisikiliza, akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Kisha akampa jirani wa ukutani naye asome. Maneno yalikuwa yaleyale. Akanipa jicho nimtie tone la kwanza.

Alhamisi, 11 Julai
Matone asubuhi, matone usiku. Mwalimu alikuja, nikamwambia yote mlangoni. Alisema aliona tangu Aprili kwamba michoro ni ya kunakili, akadhani ni uvivu, akaona aibu kuuliza. Nikamwambia aibu yake na yangu zimelingana. Amechukua karatasi zote tangu Machi, na Dereva amemruhusu azichane.

Jumamosi, 13 Julai
Asubuhi baridi, anga nyeupe, mchana bluu. Jioni upepo umekata kabisa.

Sasa Zohali nayo inapanda mapema. Nimetoa darubini, Dereva amekaa na saa ya mkononi ya kusema, ile ukibonyeza inatamka. Mtazamaji ni mimi.

"Pete?"

"Zipo. Wazi."

"Wazi kiasi gani?"

"Kama ukingo wa kofia."

"Na lile pengo jeusi katikati ya pete, unaliona?"

"Naliona."

"Kweli unaliona, au unajua lipo?"

Nikatazama tena. Hewa ilikuwa inachezacheza. "Silioni," nilikiri. "Najua lipo."

"Basi usilichore."

Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Nikamwuliza kama anataka kujaribu, kwa jicho la kushoto. Alikataa. Dakika kumi baadaye akasogeza kigoda mwenyewe. Nikashika bomba kwa mikono miwili, nikalisukuma taratibu, taratibu, kuifuata Zohali ili isimtoroke, huku nikichungulia juu ya bomba na kukadiria tu. Shingo iliniuma. Alikaa muda mrefu. Nilisikia pumzi yake ikisimama, kisha ikaendelea.

"Vipi?"

"Ngoja."

Nikangoja. Akainuka, akafuta jicho kwa kiganja.

"Nina duara langu kwenye karatasi ya leo?"

"Lipo."

"Andika basi."

"Niandike nini? Umeiona?"

Akafikiri. "Kuna kitu kilipita. Huenda ni pete. Huenda ni hamu yangu tu."

"Nikuachie wazi?"

"Usiache wazi. Andika: sijui."

Kwenye duara lake nimeandika: Zohali, saa tatu na dakika kumi usiku, anga safi, upepo hakuna. Sijui. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena, nikasoma tena.

Nimemtia matone, akalala kabla yangu. Nalala sasa, saa tano na robo.